Mzee wa Kujitakia

Siku Fundi Betri alipotangaza kwamba amezeeka, hakuna hata mtu mmoja aliyempinga, na hilo ndilo lililomuuma kuliko uzee wenyewe. Alikuwa amejiandaa. Alitegemea mkewe aseme, "Ah, wewe naye, uzee gani," kisha yeye atikise kichwa kwa huzuni, abembelezwe, akatae, abembelezwe tena, na mwishowe akubali kwamba labda bado ana miaka michache ya kuchapa kazi. Badala yake mkewe, ambaye alikuwa amembana mteja kichwa katikati ya magoti akimsuka, alisema, "Basi pumzika, Baba." Mteja naye akatoa pole yake kutoka huko chini magotini. Mambo yakaishia hapo.

Kwa umri hakuwa mzee wa kuogopesha. Wenzake aliosoma nao walikuwa bado wanagombana na wakubwa wao makazini, na mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaoa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu katika kibanda cha mbao juu ya kilima, na jina la Betri alipewa na wateja, kwa sababu simu yoyote iliyoletwa, kabla hata hajaifungua, aliipima mkononi na kusema, "Betri hii, imechoka." Mara nyingi alipatia, kwa kuwa mara nyingi huwa ni betri kweli. Na ilipofika zamu yake mwenyewe kuchoka, alijipima hivyohivyo, bila kufungua chochote.

Miguu ilikuwa imemwacha tangu ujana, na kiti cha magurudumu kilikuwa kimeizoea njia ile ya kutoka nyumbani hadi kibandani kiasi kwamba zamani alipanda huku akipiga mluzi. Kisha kilima kikaanza kukua. Mwanzo alisimama mlangoni kwa fundi cherehani akijifanya anauliza bei ya kushona shati. Baadaye akawa anasimama pia kwenye duka la dawa, kusoma matangazo ya ukutani ambayo alikwisha kuyajua kwa moyo, likiwemo lile la akina mama wajawazito. Mwishowe watu walianza kumsukuma. Hawakuuliza, walimjia kwa nyuma kama wanavyolijia gari lililozimika, na siku moja alisukumwa na mwanamke mwenye kapu la nyanya kichwani, aliyetumia mkono mmoja tu. Vijana waliokuwa wakimwita "Fundi vipi" wakahamia kwenye "shikamoo mzee". Akaanza kuitikia marahaba. Hapo ndipo mtu anapokwisha.

Si kwamba hakutafuta tiba. Katika kituo cha afya palikuwa na daktari wa viungo, binti mmoja mpole mwenye viganja vya moto, ambaye alimvuta mikono, akampima mabega, akampa utepe wa mpira wa kuvuta asubuhi na jioni. Fundi alivuta kwa bidii ya mtu anayeogopa kufa. Mikono ikanenepa hadi mashati yakambana kwapani, na kilima kikazidi kuwa kilima. Daktari akamwambia kwa upole kwamba mwili una mipaka yake, na kwamba afadhali atafutiwe mtu wa kumsindikiza. Kuhusu mashati, Fundi alimweleza mkewe kwamba wazee huvimba.

Wala kiti hakukitupa. Hilo angeweza kuapa popote. Kila Jumapili alichukua mafuta yaliyobaki kwenye karai, akayadondoshea kwenye magurudumu madogo ya mbele, tone baada ya tone, akiongea nacho kama mtu anayemkanda mtoto. Tairi za nyuma alizipenda zikiwa laini, kwa maoni yake tairi ngumu humtetemesha mtu figo. Na breki zilipoacha kushika, alizikaza kwa spana. Akiwaona watu wengine na viti vyao vikavu aliwasikitikia.

Kibanda alimwachia shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, muuza viatu vya mitumba aliyetandaza turubai lake sokoni na kulikunja kila mvua ilipoanza. Siku nyingi alikuwa akikisifia kibanda kile kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa: paa zuri shemeji, dirisha zuri shemeji. Siku ya makabidhiano majirani walikuja, chai ikamiminwa vikombeni, na Fundi akahutubia. Alisema kuna wakati wa kupanda kilima na wakati wa kukitazama. Alisema utu uzima ni dawa. Akina mama wakatikisa vichwa, fundi cherehani akafuta jicho, na Fundi alinogewa na maneno yake mwenyewe hata akautoa ufunguo kabla ya wakati, katikati ya sentensi, na hotuba ikabidi imaliziwe na mtu asiye na kitu mkononi.

Tangu hapo alikaa barazani. Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Baadaye aligundua kwamba barazani hakuna mtu anayekuuliza kitu. Hela ya kunyoa nywele alimwomba mkewe, naye alimpa bila neno, akimpitishia noti kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa kichwani kwa mteja. Fundi aliipokea akitazama pembeni.

*

Kituo cha afya kilipowaita wenye viti vya magurudumu kufundishwa kuvitunza, pamoja na madaktari na wauguzi wa hapohapo, Fundi alikubali haraka. Sababu moja ilikuwa chakula cha mchana. Ya pili, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba alikuwa anakwenda kuwafundisha habari za mafuta.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo, naye kwenye kiti, mwenye spana iliyofungwa kwa utepe kwenye mkono wa kiti chake na sauti ya mtu aliyezoea kuongea karakana ikinguruma. Aliuliza kwanza ni nani pale anayekihudumia kiti chake mwenyewe. Mkono wa Fundi ulikuwa juu kabla swali halijafika mwisho. Akaeleza: Jumapili, karai, tone baada ya tone, na siri ya tairi laini. Alieleza vizuri, kwa mifano. Daktari wa viungo, aliyekaa karibu naye, alikuwa anayaandika yote. Mkufunzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema tutayaona.

Kisha akawataka wote watoke kwenye viti vyao wahamie kwenye mabenchi, na viti vipinduliwe juu ya meza. Fundi hakuwa amelifikiria hilo. Mtu anaweza kukaa kwenye kiti chake miaka mingi asiwaze kwamba kina chini. Alisaidiwa kuhama, akakaa kwenye benchi na soksi zake zisizofanana, na mbele yake kiti kikainuliwa na wauguzi wawili, kikageuzwa, kikabaki magurudumu juu mbele za watu. Aliona haya kama vile amevuliwa yeye.

Zoezi la kwanza lilikuwa dogo. Kila mwenye kiti na daktari wake wasukume gurudumu la mbele kwa kidole na kuliachia lizunguke. Meza ya pili likazunguka vizuri. Meza ya tatu likazunguka hadi watu wakaanza kuongea mambo mengine. Daktari wa viungo akalisukuma la Fundi. Lilisogea kidogo, likasita, likarudi lilikotoka.

Mkufunzi akaja na bisibisi na koleo. Alilifungua gurudumu, akaichungulia ekseli, kile chuma linachozungukia, akaanza kuvuta. Kikatoka kitu cheusi. Akavuta, kikaendelea kuja. Zilikuwa nywele: nywele za kusukia, za dukani, zilizojiviringisha kwenye ekseli tabaka juu ya tabaka na kushikamanishwa na mafuta ya karai yaliyokwisha kugeuka lami. Fundi aliweza kuzitambua kwa rangi. Nyeusi zilikuwa za kila siku. Za zambarau zilikuwa za yule mwalimu wa chekechea. Chini yake zikatokea nyekundu, za msimu ule ambao kila msichana mtaani alitaka nyekundu, na hapo alijua kwamba uzee wake ulianza zamani kuliko alivyodhani.

"Nyumbani kuna msusi?" mkufunzi aliuliza.

"Mke wangu," alisema Fundi.

Mtu mmoja nyuma akasema mwanamke amemfunga mumewe kwa nywele, na chumba kizima kikacheka. Fundi naye alicheka, kwa sababu mtu aliye kwenye benchi hana pa kwenda. Mkufunzi akaonyesha yaliyobaki bila kumsema vibaya. Mafuta ya kupikia hunasa vumbi na nywele, basi ekseli hufutwa kwa kitambaa kikavu, na ikibidi hutiwa grisi kidogo kwenye beringi. Tairi hupimwa kwa kidole gumba, kikizama, pampu. Breki hushika kwa kubana tairi, kwa hiyo ukikaza breki na tairi halina upepo, unamfunga mgonjwa mkanda badala ya kumpa chakula. Daktari wa viungo akabonyeza tairi la Fundi. Kidole kilizama hadi kwenye rimu.

Daktari akabaki ameshika tairi lile. Kisha akasema polepole, ili wengine wasisikie, "Nimekuvuta mikono miezi yote hii. Kiti sikukigusa hata siku moja. Nisamehe, mzee."

"Usiniite mzee," alisema Fundi, kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe.

Hasira haikuwa kwa binti yule. Ilikuwa kwamba uzee, ukiutazama vizuri, ulikuwa umemkalia vyema. Uzee una heshima. Mtu akizeeka anapikiwa chai na kusikilizwa. Lakini mtu aliyepika lami yake mwenyewe kila Jumapili, akaipaka kwa upendo, kisha akaaga dunia ya kazi mbele ya majirani kwa sababu ya lami hiyo, huyo anaitwa nini? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Cha kwake alikuwa anakilisha kwa kijiko.

*

Kiti kilichosafishwa na kujazwa upepo kilimtia aibu njiani. Alikisukuma kama alivyozoea, kwa nguvu ya mikono ile iliyonenepa, kikaruka. Akapita duka la dawa bila kusoma. Akaipita nyumba yake mwenyewe, akafunga breki, zikashika palepale, nusura atangulie yeye na kiti kifuate. Alipotulia aligundua kwamba amefika mapema mno, naye hatoki jasho. Basi akajificha kwenye kona nyuma ya tangi la maji, akakaa huko hadi muda wa kawaida ulipotimia, ndipo akaingia nyumbani akihema.

Aliigiza hivyo kwa siku kadhaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko uzee wenyewe. Ilibidi akumbuke kuugua akiinama, akumbuke kusimama katikati ya ua, akumbuke kumwita mtu amvushe kizingiti. Ufunguo ulikuwa kwa shemeji, hotuba ilikuwa vichwani mwa majirani, na kila alipofikiria kwenda kusema ukweli, alimwona fundi cherehani akifuta jicho.

Alikamatwa kwa sababu ya mvua. Ilianza ghafla alasiri moja, naye yuko uani na nguo ziko kwenye kamba. Aliondoka mbio, akazikusanya zote mapajani, akaruka kizingiti kwa mkupuo mmoja na kuingia ndani. Mkewe alikuwa amesimama palepale na beseni mkononi, akija kuzianua.

Aliliweka beseni chini, akamzunguka, akakitazama kiti, kisha akamtazama yeye mikononi na usoni. Fundi akaanza kuhema. Alihema peke yake kwa kitambo, halafu akaacha.

Akamwambia yote. Alieleza mafuta, tairi, breki, na alipofika kwenye zile za zambarau mkewe aliangua kicheko, akacheka hadi akajishika ukuta. Kisha kicheko kikakatika.

"Nywele zangu?"

"Na mafuta yangu," Fundi aliwahi kusema. "Bila mafuta zisingeganda." Akamweleza pia kwamba ndiyo maana hawezi kwenda kwa shemeji, watu watasema amefungwa na mkewe kwa nywele, na nani atakuja tena kusukwa hapa? Ilikuwa sababu nzuri. Aliitoa kwa sauti ya mume anayemlinda mkewe, na aliridhika nayo.

Mkewe akaketi kwenye kigoda chake cha kusukia. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaigeuza. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na kidole cha shahada cha kulia hakikunyooka tena. Alikuwa ameongeza vichwa vya asubuhi na vya jioni tangu mumewe ahamie barazani, akimaliza kichwa cha mwisho akiwa anasinzia. Fundi alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwenye vidole hivyo siku zote hizo, akinywa chai.

"Nilipokwambia pumzika, nilisema kwa sababu nilikuhurumia," mkewe alisema. "Nikajiambia, basi, nitavuta mimi. Sasa sikiliza, Baba wee. Mficha uchi hazai. Nenda kaseme nywele, sema mafuta, sema unachotaka. Mimi nimechoka kulisha mzee ambaye si mzee."

Fundi alikuwa na methali nyingi, lakini zote zilikuwa za wazee. Alivishika vidole vile, vilikuwa vya moto, na moyo ulimuuma kweli, si kwa namna ya kuhutubia.

*

Aliondoka mvua ilipokatika. Njiani alikuwa anapanga maneno. Ataanza na salamu, aingie kwenye habari za sayansi ya beringi, azunguke kidogo, na kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe atasimama mlangoni kwa fundi cherehani kupumua na kupanga sehemu ya pili. Lakini hakuwa na haja ya kupumua. Mwanamke mwenye kapu la nyanya alimjia kwa nyuma, akanyoosha mkono kumsukuma, akashika hewa. Kilima kilikwisha kabla hotuba haijafika katikati, na Fundi akajikuta mbele ya kibanda, pumzi tele, maneno hana.

Viatu vilikuwa vimening'inia hadi dirishani. Shemeji alikuwa anapiga rangi soli ya kiatu, na palikuwa na wateja, na fundi cherehani alikuwa amekuja kuomba uzi, na watu wawili watatu wengine ambao Mungu huwaweka kwa ajili ya siku kama hizo.

"Shemeji, umepandaje peke yako?" aliuliza shemeji akichungulia nani amemsukuma.

"Shemeji, sijazeeka," alisema Fundi. "Kiti ndicho kilichokuwa kinaumwa. Kilijaa nywele na mafuta ya kukaangia, na mafuta niliyatia mimi mwenyewe. Kila Jumapili. Nikadhani ni mwili, nikawaaga watu wazima na akili zao."

Vikaja vicheko. Fundi cherehani ndiye aliyecheka zaidi, kwa kuwa ndiye aliyelia. Mtu mmoja akasema kumbe nywele, msusi kamweza, na Fundi akageuka akamwambia kwamba mkewe anasuka vizuri na kufagia vizuri, mjinga alikuwa mmoja tu nyumba nzima, ndiye huyu wanayemtazama. Akawaonyesha wabonyeze tairi kwa kidole gumba. Wakabonyeza kwa zamu. Haikumsaidia heshima, lakini walibonyeza.

Shemeji hakucheka. Alikiweka kiatu chini. "Nafasi yangu ya sokoni nimeiachia mtu," alisema. "Mbao hizi za kutundikia viatu nimezipigilia mimi. Ulinipa ufunguo mbele ya watu, shemeji. Ulisema kuna wakati wa kukitazama kilima."

"Nilisema."

"Sasa unataka nikurudishie?"

Fundi alikitazama kibanda kile: paa zuri, dirisha zuri. Angeweza kudai. Mbao za ukuta zilikuwa zake na kila mtu pale alijua. Lakini alimwona pia shemeji mwenyewe, mtu aliyepata paa kwa mara ya kwanza, na rangi ya viatu kwenye kucha.

"Sitaki ufunguo," alisema. "Kaa nao. Nipe meza moja pale karibu na mlango. Naomba kazi."

Neno hilo alikuwa hajalitumia tangu ujana. Lilitoka bila shida, na halikumuua. Shemeji alimtazama, akaitazama meza ya mlangoni iliyojaa makobazi, akakuna kichwa. Alisema upande ule jua linapiga kuanzia saa sita. Fundi akasema anapenda jua. Shemeji akasema kodi ya kiwanja watagawana. Fundi akakubali. Shemeji akaanza kuyahamisha makobazi, jozi moja moja, polepole, kama mtu anayetaka ieleweke kwamba anatoa. Alipomaliza akasema, "Jumatatu uje mapema. Mimi sisubiri wazee."

Watu wakacheka tena, na safari hii Fundi alicheka nao kwa raha.

Jumatatu alifika kabla ya mwenye ufunguo. Kilima kilikuwa bado kina baridi na barabara haina mtu. Akaegesha kiti mbele ya mlango uliokuwa wake, na mfuko wa vifaa mapajani, akangoja kufunguliwa kama kibarua wa siku ya kwanza. Na katika miaka yote aliyoufungua mlango ule mwenyewe, hakukumbuka kuwahi kuusubiri kwa furaha hivyo.